Kikombe, Sahani na Kijiko

Je, umewahi kuonyeshwa kazi nzuri, moyo wako ukaikataa? Ndivyo ilivyomkuta Mwanahawa. Mwenzake wa ofisini, Shomari, aliandika programu ya kugawa zamu za maji mjini, nayo ingewashwa kesho. Ndani yake mlikuwa na kipande kinachotoa jina la mtaa mmoja kila kinapoombwa. Kisipoombwa, hulala tu.

Katika jaribio, Shomari hakutumia mitaa ya kweli. Aliweka majina ya kubuni: Kikombe, Sahani na Kijiko. Alama ya kijani ikawaka.

"Imefaulu, dada," alisema, akifuta miwani iliyokuwa safi.

"Mbona upesi hivyo?" Mwanahawa akavuta kiti. Akalifuta jina la Sahani makusudi, jaribio lishindwe. Kijani. Akayafuta yote. Kijani vilevile.

"Hee! Shomari, unasifia pilau sufuria haijafunuliwa? Jaribio lako halijaomba hata jina moja."

Akayarudisha majina, akaongeza mstari wa kuyaomba yote. Skrini ikawa nyekundu. Kikombe kilipata zamu, Sahani ikapata, Kijiko hakikutokea kabisa. Mtaa wa mwisho ungekosa maji.

Shomari akainama. Tangu asubuhi Mwanahawa alimshuku kwamba anaficha jambo, ila hakuwa amemuuliza.

"Na wewe je, bwana? Una nini moyoni?"

Shomari akaivaa miwani yake polepole.

"Nilitaka uketi nami tuiandike upya programu hii, dada. Tangu juzi nangoja uniulize."