Uzi Mwekundu wa Learco

Kiti kilimkaa Learco sawasawa, na ndiyo maana akakunja uso.

"Kinabana," akasema. "Hapa nyongani."

Oriano, mwenye duka, akapiga magoti na kupitisha kiganja kati ya paja la mzee na ukingo wa kiti. Kikapita bila taabu. Akakipeleka kiunoni, hakukuta pengo.

"Mzee wangu, una nyonga za bibi harusi. Juzi kilikuwa kipana, leo kinabana!"

"Wewe uza viti. Nyonga niachie mwenyewe."

Wakacheka. Nyuma ya kaunta kahawa ilikuwa imeanza kunguruma jikoni, na vikombe viwili vilikuwa vimepangwa tangu kabla Learco hajaingia. Duka lile la mjini Formigine liliuza viti, usukani na pedali za mbio za magari za kwenye kompyuta. Asubuhi za Jumamosi lilikuwa tupu. Vijana huagiza kila kitu kwa simu.

Usukani wake Learco aliletewa na mwanawe aishiye Torino, baada ya Learco kufiwa na mkewe, ili washindane jioni kila mtu akiwa kwake. Mwanzoni alikalia kiti cha jikoni, na kila alipokanyaga breki kiti kilirudi nyuma kikagonga friji. Ndipo akaja kutafuta kiti cha kweli. Siku hizi mwana alikuwa na neno moja tu: "Leo siwezi, baba."

Kiti cha kwanza alichopewa na Oriano kilikuwa hakina kasoro. Learco hakuhitaji kuambiwa, maana maisha yake yote alishona viti vya magari ya mashindano. Alipokifikisha nyumbani alifunua mto wake, akatia chini yake mshono mmoja wa uzi mwekundu, mahali pasipoonekana. Ndivyo mafundi wa karakana yao walivyofanya kwa kiti walichokikubali, na kiti chenye uzi fundi hawezi kukikana tena.

Kisha akakaa, akausikiliza ukimya wa nyumba. Kiti kilikuwa kimetosha, kwa hiyo dukani hakuwa na la kurudia. Upweke ukamkaba hasa. Jumamosi iliyofuata akakirudisha. Akasema ni kipana.

Tangu hapo ikawa desturi. Oriano hubeba kiti hadi stoo, hakawii, hutoka na kingine ndani ya nailoni. "Hiki saizi nyingine kabisa," husema. Learco aliviona vyote sawa kama mayai, akavilaani viwanda vya siku hizi visivyojua kushona. Lakini hakuja kutazama mishono. Alikuja kwa ajili ya kahawa, na kubishana juu ya mbio za Jumapili, na kutaniwa na mtu anayemtazama usoni.

"Nenda nacho hiki hiki," Oriano akasema, akipangusa magoti. "Kilale kwako wiki moja. Kikikataa, turudi mezani."

Alimsaidia kukipakia garini, akabaki mlangoni akimpungia mkono. Learco akamwona kwenye kioo, mtu peke yake mbele ya duka lisilo na mteja, na moyo ukamsuta. Huyu ndiye anayehangaika kuagiza viti kwa ajili ya uongo wake! Mzee mzima, fundi mzima, anamlaghai mwenzake mchana kweupe.

Basi imetosha. Hiki atakitia uzi, na safari hii hatakikana. Atasema kweli, hata kama Jumamosi zake zitakufa.

Nyumbani alitunga uzi mwekundu kwenye sindano, akapiga simu, akaibana kati ya sikio na bega.

"Oriano, nina neno la kukuambia. Zito kidogo."

"Sema, mzee. Nipo tu hapa, naosha vikombe."

Learco akafunua mto wa kiti. Chini yake, palepale alipotaka kushona, palikuwa na mshono mmoja wa uzi mwekundu, umefungwa kwa fundo la mkono wake mwenyewe.

"Mzee? Umekatika?"

Learco akaichomeka sindano kwenye mkono wa shati lake.

"Nipo," akasema. "Hiki nacho kinabana. Jumamosi nakileta."