Kiti cha Mbele cha Ngiri

Ngiri alikuwa shabiki wa timu ya Swala, na kila msimu alitangaza, “Mwaka huu kombe letu!” Fainali tisa alihudhuria, zote tisa wakafungwa, naye akamtukana refa.

Fainali ya kumi, kapteni Swala alimletea tiketi ya kiti cha mbele. Ngiri akavimba kichwa, lakini uwanjani akajikuta katikati ya mashabiki wa Nyani.

“Kapteni, mmekosea kiti!”

“Hatujakosea, mzee. Kila ukikaa kwetu tunafungwa. Leo kaa kwao.”

Ngiri alinuna. Kisha, kwa mapenzi ya Swala, akavaa jezi ya Nyani na kuwashangilia mpaka sauti ikamkauka. Nyani wakafungwa mabao manne.

Kombe lilipopitishwa mbele yake, alijifuta machozi. “Miaka tisa namtukana refa wa watu,” alisema, “kumbe mkosi ni mimi!”