Sijida ya Bi Kidawa

Nyumba ilikuwa ikisafishwa kwa ajili ya Idi, na hapakuwa na kona iliyosazwa. Sanduku la matambara lilipovutwa kutoka uvunguni, panya jike alimbeba mtoto wake kwa meno na kukimbia. Wengine wawili walikuwa wamekwishafagiliwa nje.

Alijaribu nyuma ya kabati; kabati likasogezwa. Alijaribu chini ya godoro. Godoro likatolewa juani.

"Huyo, wifi! Mpige!" Zuhura alipiga kelele, amekwishapanda juu ya kiti.

"Unamwogopa kuliko anavyokuogopa yeye," Mwanaidi alicheka, akiinua ufagio wa chelewa. "Leo haponi."

Panya alivuka kizingiti cha chumba cha mwisho. Humo mlikuwa kimya. Bi Kidawa, mama yake Mwanaidi, alikuwa amesujudu juu ya msala, kanga zake zimetanda sakafuni. Panya akajipenyeza chini ya upindo, karibu kabisa na mkono wa bibi huyo, akatulia na mtoto wake kinywani.

Wanawake wawili walisimama mlangoni. Mbele ya mtu anayeswali hapapitwi, wala hapafagiliwi.

"Ameingia humu," Zuhura alinong'ona.

"Atakwenda wapi? Mama akitoa salamu tu, nami naingia."

Walisubiri. Sijida ikazidi kurefuka.

"Mbona hainuki?"

"Nyamaza, wifi."

Bi Kidawa hakuinua kichwa. Vidole vyake vilisogea polepole, vikavuta ncha ya kanga na kuufunika mkia uliokuwa umebaki nje.