Mkono wa Kaka

Katibu wa chama cha wafanyakazi wa reli alipanda juu ya benchi la karakana, akawataka wanaokubali pendekezo la kampuni wanyooshe mikono.

Pendekezo lenyewe halikuficha kitu: makondakta waondolewe kwenye treni, madereva wabaki peke yao na waongezwe mshahara. Yeye alikuwa kondakta. Tangu pendekezo hilo litolewe alikuwa akizunguka vituoni kuwasihi madereva wasikubali kugawanywa, hadi sauti ikamkauka. Kaka yake tu ndiye hakumwomba kura. Nani hubisha hodi kwao?

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja hapa, mwingine kule. Akawa anahesabu. Alipofika safu ya nyuma, akaacha kuhesabu.

Kaka yake, dereva, alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule wenye kidole kilichopinda. Mlango wa behewa ulikibana alipokuwa mgeni kazini, na yeye katibu, dada mtu, ndiye aliyekifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, huku kaka akitania kwamba afadhali kidole kuliko pua.

Asubuhi hiyo walikunywa chai pamoja. Kaka hakumwambia neno juu ya kura.

"Hesabu, katibu!" mtu akapaza sauti.

"Nisamehe, dada," kaka akasema, macho sakafuni. "Mkono mtupu haulambwi."

Katibu akamhesabu pamoja na wengine, kisha akatangaza kwamba pendekezo limepita. Watu wakaanza kutoka, lakini ule mkono ulibaki juu.

"Shusha, kaka," akamwambia. "Nimeshauona."