Faini ya Tatu

Twila Kubicek alisimamisha pikapu kwenye kibao cha SIMAMA, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Hakukuwa na gari mbele, nyuma wala pembeni. Kulikuwa na mahindi tu, jua la saa nane mchana, na mumewe Gaylen aliyejikunja kwenye kiti cha abiria, kakandamiza kifua kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndevu.

"Kanyaga mafuta, we mwanamke! Nakufa!"

"Hapa mwisho hamsini, mzee," Twila alisema, na mshale wa mwendo akauacha palepale kwenye hamsini.

Hospitali ilikuwa mjini, maili ishirini na mbili. Gari la wagonjwa la kule huendeshwa na wakulima wanaojitolea, na kungoja watoke mashambani ni kupoteza nusu saa nzima. Ndiyo maana Gaylen mwenyewe ndiye aliyemtupia funguo.

Twila hakuwa amezishika tangu Machi. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameandikiwa faini mbili, zote za kitoto: moja kwa kuzidisha maili saba, nyingine kwa kupunguza mwendo kwenye kibao badala ya kusimama kabisa. Faini zenyewe zililipwa zikaisha. Kilichomchoma Gaylen ni bima. Dwight, wakala wao, alipiga simu kwa sauti ya msiba: bei imepanda kwa theluthi, na ikiingia ya tatu, kampuni itawatema.

Gaylen alikuwa ameendesha miaka thelathini na minane bila kuandikiwa hata moja, na hilo alilisimulia kama wengine wanavyosimulia vita. Kila asubuhi, kwenye kahawa pale ghala la nafaka, aliwachekesha wenzake kwa habari za mkewe. Nyumbani akamfundisha upya kama mtoto: simama kabisa, hesabu mpaka tatu, kwa sauti, nikusikie. Akikosea, anarudi nyuma na kuanza tena.

Machi ileile, dada yake Twila, Maxine, alikuwa anakata roho kule Omaha. Twila aliomba funguo.

"Kwa leseni hiyo? Thubutu!" Gaylen alimjibu. "Ukaniletee ya tatu?"

Maxine alikufa bila kumwona.

Kwenye kibao cha pili Twila alisimama kabisa.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Achana na vibao, Twila." Sauti ya Gaylen sasa ilikuwa ndogo. "Nakuomba, mke wangu."

"Na ikiingia ya tatu? Dwight alisema nini? Si utanila mbichi?"

"Sitasema kitu. Naapa."

"Sasa hivi ndiyo unasema hivyo."

Mbele yao likaingia trekta. Twila alilifuata taratibu maili mbili nzima, kwa kuwa mstari wa kati ulikuwa wa njano na kwenye njano hakupitwi mtu. Gaylen alilia. Katika miaka yote ya ndoa Twila hakuwahi kumsikia akilia.

Kwenye kibao cha tano Gaylen hakusema kitu.

Twila alihesabu mpaka tatu. Safari hii hakuondoka. Alivuta breki ya mkono, akamwekea mumewe vidole viwili shingoni, akaendelea kuhesabu, polepole, mpaka mia. Halafu akarudia tangu moja, apate uhakika.

Ndipo akakanyaga mafuta mpaka chini.

Vibao vilivyobaki alivipita bila hata kuvitazama. Gari la polisi lilianza kumfukuza nje kidogo ya mji, taa zinawaka, king'ora kinalia, naye hakusimama hadi mlango wa wagonjwa wa dharura. Wauguzi walimtoa Gaylen mbiombio, ingawa waliokuwa karibu waliona tayari kwamba haraka hiyo haina kazi.

Askari kijana alimwendea Twila, kofia mkononi.

"Pole sana, mama. Umejitahidi kuliko binadamu anavyoweza. Mimi sikuandikii chochote."

Twila alijipangusa macho, akamshika mkono wa shati.

"Niandikie, mwanangu," alisema. "Mwendo wote, maili tisini na nane. Na saa uiweke, isomeke vizuri."