Ufa Uliopakwa Udongo

Ulipita ukaangalia pembeni, usinidanganye. Uliuona ufa kwenye mwamba ulio juu ya nyumba ya Nambua, ukajifanya unafunga kamba za viatu.

Nambua hakuangalia pembeni. Tangu wenye machimbo ya kokoto waanze kulipua baruti nyuma ya kilima, kila asubuhi amekuwa akipanda kupaka udongo mbichi juu ya ufa, kutoka ukingo hadi ukingo. Udongo ukikauka mzima, mwamba umetulia. Leo ameukuta umekatika katikati, na vidole vyake viwili vikapenya.

Alishuka mbio hadi kitandani kwa mumewe, Mkwizu, ambaye miguu yake ilishakataa kazi.

"Tunahama, baba Kiondo."

"Mwamba huu ulikuwepo kabla ya watu. Uanguke leo, kwa kunionea mimi tu?"

"Na wewe si mkongwe? Mbona juzi ulianguka bafuni?"

Mkwizu alicheka mpaka akakohoa. "Nilisukumwa!"

"Na huo unasukumwa."

Baruti ikalia. Vumbi likadondoka kutoka darini, Nambua akamfuta mumewe uso taratibu kwa upindo wa kanga.

"Haya, mama Kiondo, nitoe," akasema Mkwizu. "Lakini na mto wangu."

Alimwekea mto kifuani, akainua kitanda upande wa kichwa. Upande wa miguu umebaki chini.

Wewe hapo barabarani, kamba zimeshafungwa. Ingia ndani ushike upande wa miguu, sasa hivi.