Firigisi ya Shangazi

Waliingia na mabegi yao, mwanamume, mkewe na mabinti wawili wadogo, wamejaa vumbi la safari ndefu. "Shikamoo, shangazi!" Bi Masika aliitikia. Mgeni akishatua mzigo haulizwi yeye nani, hata kama humjui. Basi alichinja kuku wake wa mwisho huku akimtazama yule mwanamume kwa pembeni. Pua hakuitambua. Masikio nayo, hata. Labda ni wa binamu fulani aliyesahaulika. Au wamefuata nini hawa?

Lakini mabinti walicheka nyumba nzima. Mdogo alishampanda mapajani, anachezea mtandio wake kwa vidole vinavyonata kwa utamu wa miwa.

Chakula kilipopakuliwa, Bi Masika alimwekea mgeni firigisi, kama ilivyo ada. Mgeni akaihamishia kwenye sahani ya Bi Masika.

"Hii yako, shangazi. Baba alitusimulia mlivyokuwa mkiigombania utotoni, wewe na yeye."

Bi Masika aliitazama firigisi bila kuigusa. Hakuwahi kuwa na kaka. Mwenye kaka aliyehamia mbali alikuwa Rukia, jirani yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa akifagia uwanja kungojea wageni.

"Mbona huli, shangazi?" aliuliza mke wa mgeni.

Ng'ambo ya ua, ufagio ulinyamaza. Sauti ya Rukia ikaita: "Masika! Hujawaona wageni wangu huko?"

Mtoto alimwegemea kifuani. Bi Masika akaitia firigisi yote mdomoni, akaanza kutafuna polepole.